Nimekuta kondomu kwenye begi la mwanangu: nizungumze naye vipi kuhusu UKIMWI?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Makambako, mkoani Njombe, ambako nina kibanda cha chakula karibu na barabara kuu. Mtoto wangu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 16 na yuko kidato cha tatu. Anayemfuata ni wa kike mwenye miaka 13, anasoma darasa la saba. Wa mwisho bado ni mdogo. Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, nilichukua begi la shule la kijana wangu ili nilifue, na nilipokuwa nikitoa madaftari nikakuta pakiti mbili za kondomu zimebanwa katikati ya daftari la Baiolojia. Nilishtuka, nikamwita baba yake badala ya kumwita yeye. Mume wangu hakuuliza swali hata moja. Alimchapa kwa mkanda mbele ya dada yake, akamwambia kwamba nyumba hii si ya wahuni, kisha akatuamuru sote tusilizungumze tena jambo hilo.

Tangu siku hiyo mwanangu hanipi zaidi ya salamu, na nikiingia sebuleni huchukua simu yake akatoka. Mume wangu sasa anataka tumpeleke hospitali akapimwe, atake asitake, na nikimwambia kwamba labda tungeanza kwa kuzungumza naye, ananijibu kwamba kumweleza mtoto habari za kondomu ni kumpa ruhusa.

Shangazi, kuna jambo jingine linalonifunga mdomo. Mdogo wa mume wangu alifariki mwaka 2003 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Ukoo mzima husema kwamba alikufa kwa kifua kikuu, lakini sisi watu wazima tunajua kwamba alikuwa na UKIMWI. Picha yake iko ukutani, watoto huiulizia, nasi huwajibu vilevile kila mara. Naogopa kwamba nikianza mazungumzo haya kijana ataniuliza kuhusu baba yake mdogo, nami sitajua kama niseme ukweli au niendelee na jibu tulilolizoea. Tena mimi mwenyewe sikufundishwa. Mama aliniambia tu kwamba nisicheze na wavulana, na ni nilipokaribia kuolewa ndipo wanawake waliponiketisha chini kunifunda. Nikitaka kuvitaja viungo hivyo mbele ya mwanangu, mdomo unagoma.

Naomba unisaidie. Nianzie wapi? Ni kweli kwamba kumweleza ni kumfungulia njia? Tumlazimishe kupima? Na huyu wa kike, nimwambie sasa au nisubiri akue?

Mama wa Watatu, Makambako

JIBU

Marahaba, mama. Nitaanza na zile pakiti mbili, kwa sababu wazazi wote wawili mlikwisha kuzitolea hukumu kabla ya kujua zilifikaje pale. Kondomu katika daftari la mvulana wa miaka 16 huenda zikamaanisha kwamba ameshaanza kufanya ngono, au kwamba anafikiria kuanza, au kwamba alipewa na mwenzake naye anatembea nazo ili aonekane mkubwa mbele ya rafiki zake. Anayejua ni yeye peke yake, na mkanda umemfunga mdomo. Hata hivyo, katika hali zote tatu kuna jambo ambalo baba yake hakuliona: mtoto huyu amesikia mahali fulani kwamba kuna kujikinga, na hakulipuuza. Ninaowahofia zaidi ni vijana ambao wameshaanza na begini mwao hamna kitu.

Hofu ya mume wako kwamba kueleza ni kuruhusu ni hofu ya wazazi wengi, na sidhani kama inafaa kuchekwa. Lakini jambo hili limechunguzwa katika nchi nyingi, na UNESCO, katika mwongozo wake wa elimu ya jinsia uliotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa mwaka 2018, ilipitia tafiti hizo na kuona kwamba elimu ya aina hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Mara nyingi wanaoipata huchelewa kuanza, na wanapoanza hujikinga zaidi. Hapo mume wako amekosea. Yuko sahihi, hata hivyo, katika jambo moja, kwamba mtoto anahitaji kujua msimamo wa wazazi wake. Basi mwambieni. Kama imani yenu na desturi yenu zinamtaka asubiri, mwambieni waziwazi kwamba mnataka asubiri, na katika mazungumzo hayohayo mwambieni kwamba akishindwa kusubiri, ajikinge. Wazazi wengi hudhani kwamba maneno hayo mawili hayawezi kukaa katika kinywa kimoja, ilhali kijana wa miaka 16 huyaelewa yote mawili bila taabu.

Sasa nikueleze kwa nini naona kimya cha nyumbani kwako ni hatari kuliko zile kondomu. Zipo dawa ambazo wahudumu wa afya huziita PEP, anazopewa mtu ambaye hana virusi vya UKIMWI (VVU) lakini amepita katika tukio linaloweza kumwambukiza, kwa mfano kondomu kupasuka, au kubakwa. Dawa hizo zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi, kisha humezwa kila siku kwa siku 28. Hesabu mwenyewe: jambo likitokea Ijumaa usiku, mlango unafungwa Jumatatu usiku. Je, kijana aliyechapwa mkanda kwa kondomu ambazo hazijafunguliwa atakuja kwako Jumamosi asubuhi kukuambia kwamba moja imepasuka? Na dada yake, aliyesimama pale akishuhudia, akishikwa kwa nguvu na mtu anayemfahamu, atamwambia nani? Katika kila utakalowafundisha watoto wako kuhusu VVU, naomba hili litangulie: likitokea lolote, saa yoyote, waje kwenu kwanza, na maswali yatasubiri. Mkishalisema hilo mnapaswa kulitimiza, kwa sababu mtoto atawapima kwanza kwa jambo dogo, pengine glasi iliyovunjika au alama mbaya ya Hisabati, kabla ya kuwaamini kwa jambo kubwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si somo la UKIMWI. Ni kumwomba radhi. Subiri siku mnayofanya kazi pamoja, mnapomenya viazi vya kibandani au mnaporudi kutoka sokoni, kwa maana mvulana wa umri huo huzungumza vizuri zaidi akiwa na shughuli mikononi kuliko akiketishwa kwenye kochi kama mshtakiwa wa kikao cha ukoo. Dada yake asiwepo. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe kitu kama hiki: «Mwanangu, ile Jumamosi nilipaswa kukuuliza wewe kwanza, sikukuuliza, na ulichapwa mbele ya mdogo wako. Halikuwa jambo zuri. Sikudai uniambie chochote leo. Nataka tu ujue kwamba ningependa tuzungumze, na kwamba ukinieleza sitakukimbilia na mkanda wala sitamwita mtu.» Kisha endelea na viazi.

Atakapokuwa tayari, anza kwa kumuuliza anachokijua, na usishtuke akikujibu kwa lugha yao ya vijiweni, kwamba fulani «ana ngoma» au «amekanyaga miwaya». Kuhusu majina ya viungo yanayokukwama mdomoni, daftari lake la Baiolojia lina maneno yote unayoyahitaji: uume, uke, shahawa, mbegu. Ni maneno ya darasani, yeye ameyazoea, na ukiyasoma kwa sauti ukiwa peke yako mara kadhaa utaona kwamba ugumu wake unapungua.

Halafu mpe mambo ya kweli, kwa sababu vijana wengi wamelelewa kwa mabango ya mifupa na mafuvu, na wakitazama mtaani hawamwoni mtu aliyekonda hivyo, huamua kwamba ugonjwa umekwisha. Haujaisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, asilimia 4.4 wanaishi na VVU, na kwamba mkoa wenu wa Njombe ndio ulioongoza kwa asilimia 12.7, yaani takriban mtu mmoja katika kila wanane. Usimtajie takwimu hizo ili kumtisha. Mtajie ili aelewe kwamba huyo mmoja yuko kanisani, sokoni na kwenye daladala, mara nyingi akiwa na afya njema kwa sababu anatumia dawa za ARV, na kwamba mtu anayezimeza kwa uaminifu hadi kipimo kikashindwa kuviona virusi katika damu yake hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Tatizo ni yule asiyejua hali yake, naye hatambuliki kwa macho. Virusi hupita katika damu, shahawa, majimaji ya ukeni na maziwa ya mama. Havipiti kwa sahani, kwa kukumbatiana wala kwa mbu, na inafaa uliseme hilo la mwisho hata kama linaonekana dogo, maana kumtenga mwenye VVU huanza na ujinga wa namna hiyo.

Mweleze pia kuhusu kondomu zenyewe. Kondomu iliyokaa kwa muda mrefu kwenye begi linalopigwa jua na kubanwa na vitabu huweza kuharibika. Huangaliwa tarehe ya mwisho wa matumizi, hufunguliwa kwa vidole wala si kwa meno, hutumika mara moja ikatupwa. Kama ametahiriwa, ajue kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, na kwamba asilimia inayobaki inatosha kumwambukiza, kwa hiyo tohara haiwi badala ya kondomu. Na asisahau upande wa sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, msichana aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa ameridhia hata akisema ndiyo, na Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Kijana anayeambiwa hayo nyumbani, kwa utulivu, ana nafasi ya kufikiri mapema. Anayeyajua mahakamani amechelewa.

Kuhusu binti yako wa miaka 13, usisubiri. Ninajua kwamba zamani kazi hii ilikuwa ya shangazi na bibi, lakini shangazi wengi sasa wako Dar es Salaam au Mbeya na huonekana kwenye misiba tu, kwa hiyo imekuangukia wewe. Unaishi mji ambao malori yanayokwenda Tunduma hulala, wenye wageni na fedha ya usiku, na mtoto wa kike hapati maambukizi kwa mvulana wa darasani pekee. Mara nyingi humjia kutoka kwa mwanamume mkubwa, wale ambao kampeni moja ya redio iliwabatiza jina la fataki. Mwonyeshe jinsi jambo hilo linavyoanza, maana haliji na sura ya hatari. Linaanza na kijana wa bodaboda anayempakia bure Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa akamwomba namba ya simu; au mteja anayemnunulia chipsi mayai na kumwambia asimwambie mama; au vocha inayoingia kwenye simu bila kuombwa. Mfundishe kwamba zawadi yoyote inayokuja na agizo la «usimwambie mtu» ni ya kukuletea wewe siku hiyohiyo. Hakikisha vilevile kwamba ana taulo za kike na nauli ya kutosha, kwa sababu ushauri mzuri haumsaidii sana msichana ambaye mahitaji yake ya kila mwezi yanalipwa na mtu mwingine. Ikitokea ameshikwa kwa nguvu, usimuulize alivaa nini. Asioge kwanza, nguo alizovaa zitunzwe, na mwende hospitali usiku huohuo ili saa 72 zisipotee. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116.

Sasa suala la kumlazimisha kupima. Sheria ya Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 imejengwa juu ya upimaji wa hiari, na marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, maana yake ni kwamba kijana wako wa miaka 16 anaweza kwenda mwenyewe kesho na majibu yakawa yake. Kumburura kunaweza kuwapa ninyi majibu ya siku moja, na kumfundisha yeye kwamba kituo cha afya ni mahali pa adhabu. Ningependa wewe na mume wako mtangulie, mpime, na muwaambie watoto kwamba mmepima. Kisha mwalike, ukimweleza kwamba ni tone la damu la kidoleni na majibu hutoka siku hiyohiyo. Ajue pia habari ya kipindi cha dirisha, kwamba maambukizi mapya huenda yasionekane kwenye kipimo kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mtu aliyepita katika hatari hurudia kupima baada ya miezi mitatu. Na kama majibu yatakuwa kwamba ana virusi, Tanzania tangu mwaka 2016 humwanzishia dawa kila anayegundulika bila kusubiri augue.

Limebaki lile la picha ukutani. Kwanza nikupunguzie mzigo kidogo: kifua kikuu kimekuwa miongoni mwa magonjwa yanayowaua zaidi watu wenye VVU, kwa hiyo huenda ukoo wenu haukusema uongo kamili, ulisema nusu na kuacha nusu. Pili, zingatia mwaka. Shemeji yako alifariki mwaka 2003, na mpango wa taifa wa kutoa ARV bure ulianza mwaka 2004. Mtu huyo hakufa kwa sababu alikuwa mwovu kuliko wengine. Alikufa kabla dawa hazijawafikia watu wa kipato chake. Ukimweleza mume wako hivyo, faraghani, huenda ukagundua kwamba hasira yake ya Jumamosi ile ilitokana zaidi na kaburi la mdogo wake kuliko na daftari la mwanawe. Ni siri ya damu yake, kwa hiyo usimtangulie kuisema. Mwombe aiseme yeye. Baba akimwambia mwanawe, «Baba yako mdogo aliugua VVU, hatukujua la kufanya, na naogopa yasikukute wewe», atakuwa amefundisha zaidi ya semina nzima. Akikataa katakata, tafuta mjomba mwenye busara ambaye kijana anamheshimu, na wewe, ukiulizwa na mtoto ana kwa ana, jibu kwamba kuna jambo baba yake atamweleza, lakini usilirudie lile jibu la zamani.

Mwisho, jiandae kwa uwezekano kwamba kijana hatasema neno. Wengi wa umri wake huona haya zaidi yetu. Kama ana WhatsApp, mwandikie usiku, sentensi chache tu: saa 72, mahali pa kwenda, na kwamba unampenda. Akijibu «sawa» peke yake, usimfuate na swali la pili. Mwache, na wiki inayofuata mmenye viazi tena.

Shangazi